Siku Nilipoipunguza Kompyuta kwa Sheria za Ukame

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko walimu. Nalisema hili mapema ili wasomi mpumue. Ploti, bucha, ngamia na kiti cha katibu wa kamati ya soko la mifugo hapa Garissa, vyote nimevipata bila cheti hata kimoja. Wenye vyeti huja ofisini kwangu kuomba sahihi. Nawapa chai, halafu nawaacha wasubiri kidogo.

Kazi kubwa ya katibu ni kutunza orodha ya chapa. Kila ukoo una chapa yake, sumad, inayochomwa kwa chuma kwenye shingo ya ngamia. Lakini ukoo ni watu wengi, kwa hiyo kila nyumba huongeza kitu chake kidogo: nukta, mstari mfupi, mkato wa sikio. Ngamia akipotea akaja kuonekana sokoni, hicho kitu kidogo ndicho husema ni wa nani. Tulikuwa na daftari la karatasi, mto ukafurika ukaingia ofisini bila miadi, likawa uji.

Ndipo wakaja watu wa mradi na gari jeupe na kibao kikubwa kuliko ofisi. Walitupa kompyuta yenye programu ya chapa, tukakaa wiki tatu tukiingiza chapa moja moja, wakatupiga picha tumeizunguka kama mtoto mchanga, wakaondoka. Kibao bado kinasimama imara. Kompyuta iliuawa na vumbi.

Aliyetuokoa ni binti wa kaka yangu, fundi wa mambo hayo, ambaye kazi yake iko Mandera. Yeye huniita adeer, yaani ami, nami namjibu adeer vilevile, ndivyo tunavyoitana. Alichomoa diski ya marehemu, akanieleza kwamba programu ya mradi haiwezi kuishi kwenye mfumo mpya, inataka ule wa zamani iliozaliwa nao. Basi ndani ya kompyuta mpya akatengeneza kompyuta ya pili, isiyo na chuma wala waya, anaiita mashine pepe. Ukiiwasha inaamka kwenye dirisha, inajiona ni ile ya zamani, na orodha yetu yote imo. Nilimuuliza kama inajua kwamba mwili wake ulitupwa. Alisema haijui. Nikamwambia hata viongozi tunao wa namna hiyo.

Kipanya nilikikataa, vidole vyangu si vya kusukuma sabuni mezani. Kwa hiyo alinipangia kila kitu ndani ya programu moja ya kuandikia, ninayoiendesha kwa herufi tu. Humo humo kuna orodha ya programu zote zilizomo kwenye kompyuta, kila moja na mstari wake. Ukitaka kuongeza moja, unaweka alama ya herufi i kando yake. Ukitaka kuitoa, unaweka d. Alama peke yake haifanyi kitu. Unaweka zote, unazikagua, halafu unabonyeza x, ndipo yote yanatendeka kwa mpigo. Wasomi wanaambiwa hiyo ni teknolojia. Sisi tunapaka mbuzi rangi mgongoni hivyo hivyo kila siku ya soko, kisha lori linapakiwa. Niliielewa kabla hajamaliza sentensi. Alinionya jambo moja: nisitoe kitu bila kumuuliza. Nilimjibu ndiyo, jibu ambalo mtu mzima humpa kijana.

Siku moja ya soko, asubuhi, kompyuta ilikuwa nzito. Inafikiri, inapumzika, inafikiri tena, kama karani wa serikali. Nikafungua ile orodha. Jamani, mistari ilikuwa zaidi ya mia, na mimi ninazozitumia hazifiki tano. Sasa mfugaji yeyote akiona kundi kubwa, malisho haba, na wanyama asiowatambua wamejichanganya, anajua la kufanya. Ukame haungoji ushauri. Unapunguza. Wale wasiokamuliwa, wasiobeba mzigo, wanaokula tu, wanatoka.

Nikaanza kupaka. Huyu ni nani? D. Huyu naye jina refu kama hotuba, kazi yake nini? D. Lilikuwepo moja nene, linakula nafasi kuliko mengine yote, na sijawahi kulifungua hata siku moja. Nilisoma jina lake mara mbili, halikuniambia kitu. D, tena kwa furaha. Nilikagua alama zangu kama mnunuzi mwenye akili, nikabonyeza x. Mistari ikateremka kwenye kioo, ikatulia. Wallahi nilijisikia nimefanya kazi.

Nilikuwa bado najipongeza, natafuta na amri ya kufagia mabaki, nikaitwa nje. Mama mmoja mjane alikuwa amekuja kutoka njia ya Liboi, amefuata ngamia wake wanne walionyakuliwa malishoni baada ya mumewe kufariki. Aliwakuta wamefungwa karibu na ngazi ya kupakilia. Mfanyabiashara aliyewanunua alikuwa na karatasi ya mauzo, na aliyemuuzia alikuwa wa ukoo ule ule wa mume wa mama, chapa ile ile. Mama akasema nyumba yao iliongeza nukta chini ya chapa na mkato kwenye sikio la kulia. Mfanyabiashara akasema nukta ni kovu la kupe na sikio limechanwa na miba. Miba yenye nidhamu kweli, imechana masikio manne mahali pamoja.

Mwenyekiti akaamua kama ilivyo kawaida yetu: orodha ifunguliwe. Ikimuunga mkono mama, ngamia ni wake. Isipofunguka kabla ya adhana ya adhuhuri, mwenye karatasi anapakia aende. Mama hakubishana. Alisema tu kwamba hao wanne ndio maziwa ya watoto wake, hana wengine.

Nikarudi ofisini kwa hatua za katibu. Nikaita mashine ya ndani. Haikuja. Nikaita tena, nikaambiwa amri hiyo haijulikani. Haijulikani vipi, jana ilijulikana. Hapo nikazikumbuka d zangu. Lile nene nisilowahi kulifungua ndilo lililokuwa linaibeba kompyuta ya ndani. Sikulifungua kwa sababu lenyewe ndilo lililokuwa likiifungua.

Wajumbe walichungulia mlangoni kuuliza. Niliwaambia mashine inajiandaa. Nikampigia adeer wangu simu, mtandao wa Mandera ukanikatalia mara mbili. Mara ya tatu akapokea. Nilimweleza kwa maneno machache, maana aibu haitaki maneno mengi.

"Adeer, umefuta nini?" akauliza.

"Sijafuta. Nimepunguza."

"Umepunguza nani?"

"Wasiofanya kazi."

Alitaka majina yao, nikamtajia lile nene. Kisha akaniambia ngamia wangu wako hai, nimechinja mchungaji tu. Orodha na mfumo wa zamani viko kwenye faili la mashine pepe, havijaguswa. Na kila ninapobonyeza x, kompyuta haiui kilichokuwepo, inazaa kizazi kipya na kukiacha cha jana kimelala. Kuna amri nyingine ya kufagia vizazi vilivyolala, hiyo ndiyo inayoua. Sauti yake ikabadilika.

"Umefagia?"

Nilikuwa naielekea amri hiyo hasa, nimeshaitafuta, nilipoitwa nje. Nilimwambia bado.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa usiguse kitu mpaka nikwambie. Safari hii uniulize kweli, si ile ndiyo yako."

Mtoto wa kaka yangu, nimemlipia karo ya chuo, ananiambia hivyo. Nikameza. Akaniongoza: fungua orodha ya vizazi, shuka mpaka kilichotangulia, soma tarehe yake kwa sauti. Nilisoma. Akanitajia herufi, nikabonyeza. Mistari ikapita. Nikaita mashine ya ndani, na hiyo ikaamka kwenye dirisha lake taratibu kama mzee aliyeamshwa usingizi wa mchana, bila kujua kwamba asubuhi ilikuwa maiti.

Nikaandika jina la marehemu mume wa yule mama. Chapa ikatokea, chini yake nukta, na maelezo: mkato, sikio la kulia. Nilimwita mwenyekiti, akamwita mfanyabiashara, vichwa vitano vikajaa mbele ya kioo. Tukatoka wote tukaenda kushika masikio, moja moja. Mfanyabiashara alikunja karatasi yake, akasema atamtafuta aliyemuuzia. Nilimtakia safari njema kwa moyo wote. Ngamia wawili aliokuwa ameshawapandisha lorini bila kungoja adhana wakateremshwa kwa kelele zao.

Adhana ilikuwa inaanza. Mama alikusanya kamba zote nne mkononi, akanisogelea mbele ya kamati nzima.

"Walaal, ndugu yangu, orodha mnayo ofisini. Mbona nimesimama juani asubuhi yote?"

Mwenyekiti, mtu mwema, akaanza kumweleza habari za mitambo, kwamba huwa na matatizo yake. Ningemwacha aendelee. Lakini yule mama hakuwa akimtazama yeye.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Niliiharibu mimi asubuhi hii, nikijiona najua kila kitu, binti wa kaka yangu akaifufua kwa simu."

Wajumbe wakageuka kunitazama, kwa hamu ambayo sijawahi kuwaona nayo kwenye mkutano wowote. Mama alinipima kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayefikiria kununua.

"Basi wiki ijayo nitaleta chapa ya ndama wao," akasema. "Utaiandika ukiwa na huyo aliyekusaidia."

Akavuta kamba, ngamia wakamfuata.