Pengo la Nyanya

Nyanya yangu hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Yaling'olewa akiwa msichana, kama walivyofanyiwa wenzake wa rika lake, na alijivunia pengo lile maisha yake yote. Sababu yake alinieleza nikiwa na miaka sita hivi, nyumbani kwake Otonglo, siku mama aliponiacha hapo akarudi kazini mjini nami nikagoma kula. Nilikuwa mtoto wa hasira. Nilikaza taya mpaka masikio yakauma.

Nyanya aliweka kikombe cha uji chini, akacheka.

"Nyathina, mtoto wangu, ukikaza hivyo utakufa njaa. Sisi tuliachiwa mlango. Mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya, uji unapitia hapa."

Akachomoza ncha ya ulimi pengoni. Nikacheka bila kutaka, na uji ukaingia. Ulikuwa wa wimbi, mchachu kidogo, na sijawahi kunywa mwingine mtamu vile.

Lakini taya yangu haikujifunza kitu. Mwaka jana, nikiuza mashuka ya mitumba soko la Kibuye, gego lilianza kunisumbua. Naamka kichwa kinagonga, mashavu magumu. Mume wangu akasema usingizini nasaga meno kama jiwe la kusagia mtama. Jirani yangu wa kibanda akaapa ni minyoo, maana huku kwetu kila anayesaga meno ana minyoo. Nikameza dawa mara mbili. Minyoo, kama ilikuwepo, ilikufa. Meno yakaendelea kusagana.

Nikaenda kwa daktari wa meno nikiwa nimeshaamua: jino ling'olewe, tuachane nalo. Alilipigapiga, akanibonyeza mashavu nikaruka.

"Mama, hii jino haina makosa," alisema. "Ni misuli. Hata saa hii umeuma meno. Kuna kitu inakusumbua?"

Nikasema hakuna. Uongo mtupu. Nyanya alikuwa ameacha kula. Alikuwa ametusahau sote, na kijiko kikimkaribia anafunga mdomo. Alikuwa anatuponyoka hivi hivi tukitazama, na kila Jumapili nilirudi kutoka Otonglo nimeuma meno njia nzima. Niliogopa sana.

Daktari alinitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala, akaniambia wazi kwamba kitakinga meno lakini hakitaniondolea mawazo. Mchana midomo ifungane, meno yasigusane. Miwa na mahindi ya kuchoma niviache kwa muda. Na kila jioni nijikande mashavu kwa kitambaa cha maji moto, taya ilegee.

Kitambaa hicho ndicho nilichobeba Jumapili iliyofuata. Nyanya alikuwa ameegemezwa mito, mdomo umefungwa, misuli ya mashavu imesimama sawasawa na yangu. Nikamkanda upande huu, kisha ule.

"Pole pole, Dani," nilimwambia, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyowaita nyanya zetu. Aliniangalia kama mgeni.

Midomo ikalegea. Meno ya nyuma bado aliyakaza, lakini pengo lilikuwa palepale, lile lile la zamani. Nikadondosha uji hapo kwa kijiko kidogo cha chai, nikangoja. Akameza. Nikaongeza kingine, akameza tena. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kikombe kilipofika nusu alinishika mkono, akaugeuza. Kijiko kikanielekea mimi. Akanitazama usoni kwa makini, akaishia kwenye taya yangu, ambayo nilikuwa nimeikaza tena bila kujua.

"Fungua mdomo, nyathina," alisema kwa Kijaluo, kwa ile sauti yake iliyopiga mluzi pengoni. "Mama yako atarudi."

Nikafungua.