Kivinjari Chenye Tarumbeta

Miaka ile nilikuwa na tabia moja ya kitoto ambayo sikuionea aibu: nilikusanya vivinjari. Watu wengi hufungua mtandao kwa kivinjari kile walichokikuta kwenye kompyuta, wala hawaulizi. Mimi nilitaka vile vya mzaha, vilivyotengenezwa kwa sura ya michezo ya video. Nilikuwa na kimoja cha kasri na mapango, ambacho kila ukurasa wake ulifunguka kwa mlio wa mlango mzito. Nilichokipenda zaidi kilikuwa na kijitu cha buti nyekundu kilichokimbia juu ya skrini wakati ukurasa unapakia. Ukimaliza jambo, kijitu kiliruka, tarumbeta ikalia, nyota zikamwagika, na maandishi yakatokea kwamba umeshinda. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nasanifu kadi za harusi kwenye duka la uchapaji, na tarumbeta ile ndiyo iliyokuwa pongezi yangu pekee kwa siku.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Ipagala, mjini Dodoma, na mama nilikuwa naye. Nilimtoa kijijini kwetu Zuzu baada ya kiharusi kumpooza upande wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuja kila asubuhi kumwogesha na kumbadilisha, kisha akaenda kwenye shughuli zake. Kutoka hapo mpaka nirudi kutoka kazini, mama alikaa peke yake. Jirani asipokuja, mama alibaki alivyo. Nilijaribu mara moja kumsaidia, akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Wewe ni mwanangu wa kiume," alisema, na ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo. "Dada yako atakuja."

Dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Busi, Kondoa. Amenizidi miaka kumi na moja, na mumewe alikuwa amefariki zamani. Aliamua kuomba uhamisho aje mjini amuuguze mama. Maombi hujazwa mtandaoni, na mfumo hufunguliwa kwa majuma machache tu, kisha hufungwa. Alitumia nusu ya muda huo kufuatilia barua, sahihi na mihuri. Jumamosi moja akafika kwangu na bahasha ya kaki, viatu vyote vumbi.

"Nijazie wewe," alisema. "Mimi kule mpaka nipande kilima ndipo nipate mtandao."

Alivuta kiti, akaitazama skrini. Kijitu kilikuwa kinakimbia.

"Hiki nacho ni kitu gani?"

"Ni kivinjari, dada. Ni kama vingine tu, ila kimepambwa."

"Huna cha kawaida?"

"Ninacho. Lakini hiki ni chepesi zaidi."

Nilimdanganya. Kilikuwa kizito kuliko vyote. Nilitaka tu akione.

Tulijaza kwa saa nzima. Mama alikuwa ameegemezwa mito kitandani, mlango wa chumba chake uko wazi, anatusikiliza. Niliambatisha barua moja moja, mtandao ukijivuta. Mwisho nikabonyeza pa kutuma. Ukurasa ukawa mweupe, ukakaa hivyo muda mrefu, halafu kijitu kikaruka na tarumbeta ikalia.

"Tayari?" dada aliuliza.

"Tayari."

Mama alijipiga paja kwa mkono wake mzima, akacheka kwa nusu ya mdomo. Dada aliinamisha kichwa akasali kidogo. Kisha akaingia jikoni akasonga ugali, tukala na mlenda, akimlisha mama tonge kwa tonge na kumweleza atamwogesha kwa maji ya moto namna gani akishahamia. Kabla hajaondoka kesho yake aliniuliza mbona ujumbe wa kuthibitisha haujaingia kwenye simu yake.

"Utakuja," nilisema. "Mwisho wa juma mitambo inachelewa."

Jumatatu nilikumbuka kwamba napaswa kuingia tena kuhakikisha. Nilikuwa na namba yake ya siri kwenye karatasi. Jumanne kazi ilikuwa chache, nikapata nafasi ya kutosha, na niliitumia kupakua kivinjari kipya cha mbio za magari. Alhamisi dada alipiga simu akauliza kama nimeangalia.

"Nimeangalia," nilimjibu. "Kila kitu kiko sawa."

Mfumo ulifungwa. Majina ya waliohamishwa yalipotoka, lake halikuwemo. Alikwenda mwenyewe hadi ofisi ya elimu, na ofisa aliyemhudumia akamgeuzia kompyuta ajionee: fomu ilikuwa imehifadhiwa, haijatumwa. Alinipigia akiwa bado barazani pale.

"Siku ile uliona nini kwenye kompyuta?"

"Niliona imekubali, dada."

"Paliandikwaje?"

"Kwamba umeshinda."

Nilisikia watu wakisalimiana nyuma yake.

"Maneno hayo yalitoka kwenye fomu au kwenye gemu lako?"

"Kwenye gemu."

"Na uliposema umeangalia?"

"Sikuangalia."

"Haya," alisema. "Mpe mama dawa zake."

Baadaye niliutafuta ukurasa wa watengenezaji wa kivinjari kile. Walikuwa wametoa toleo jipya. Mstari wa kwanza ulitangaza kwa furaha kwamba kijitu sasa kina buti za rangi tatu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba wamerekebisha kosa la sherehe ya ushindi kutokea pale ukurasa unapokatika. Niliyasoma mara nyingi. Nilitaka niwachukie, na niliweza kwa siku mbili tatu, lakini wao hawakumwambia dada yangu kwamba wameangalia.

Mvua zilipoanza, siku moja jirani hakuja kwa sababu korongo lililo kati ya nyumba zetu lilikuwa limejaa maji na hakuweza kuvuka. Mimi sikujua, nilikuwa nimeshatoka. Nadhani mama alisubiri, akachoka, akajaribu kwenda chooni mwenyewe. Nilimkuta jioni sakafuni, kanga imelowa, amegeuza uso ukutani. Aliishi siku mbili hospitalini. Dada alikwama njiani kwa matope, akafika mama ameshafariki. Aliomba maji ya moto. Yeye na jirani wakamwogesha mama, na hiyo ndiyo ikawa mara yake pekee.

Tulimzika Zuzu, kando ya baba. Kwenye matanga shangazi alimuuliza dada, mbele ya watu, ilikuwaje asihamie mjini wakati mama anaumwa vile.

"Maombi hayakwenda, shangazi," dada alijibu.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na sikufungua mdomo. Shangazi alitikisa kichwa kwa namna ya kumlaumu, dada akaipokea lawama ile na kuendelea kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata mfumo ulifunguliwa tena. Nilimpigia nikamwambia nitakwenda Busi mwenyewe nimjazie, kwa kivinjari cha kawaida.

"Nije mjini kumfuata nani?" aliuliza. Halikuwa swali la kunikomoa. Alikuwa amelifikiria.

Majuzi alikuja Dodoma kwenye semina ya walimu, akakaa siku tatu, akilala nyumba ya wageni. Niliambiwa na mwalimu mwenzake aliyeleta kadi kuchapisha. Nikamfuata. Nilimkuta ukumbini wakati wa chai, akanipa kiti, akanimiminia kikombe. Tulizungumza habari za mvua, na alizeti zake ambazo ndege wamezimaliza. Aliniuliza kama kodi imepanda, nikasema imepanda. Kisha wenzake wakaanza kurudi ndani, akaifuta meza kwa kitambaa chake, akasema kipindi kinaanza. Nilibaki pale mpaka wahudumu walipokuja kuondoa vikombe.