Pete ya Unga wa Shaba

Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa huko Kpandroma, hata uji haupiti kooni. Lori lililokubali kumleta hospitali ya Bunia lilisimama mbele ya karakana ya mume wangu, mtaa wa Saio hapa Bunia, kwa kukosa kitu kidogo kuliko kidole gumba: pete ya shaba ya demareri, mashine ya kuwashia injini.

"Tuende tu," mume wangu alimwambia dereva. "Tutasukuma."

"Ikizimika mu mulima, nani atasukuma? Weye na bibi yako?"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na vipuri vilitoka mbali. Mume wangu alipiga tupa vipande vya shaba chakavu, mimi nikachekecha unga wake kwa kitambaa. Akaumimina katika kalibu ya chuma, akaukandamiza kwa jeki ya lori, kisha akaigeuza kalibu na kukandamiza upande wa pili. Ukisukuma upande mmoja tu, katikati hubaki laini.

Pete hiyo mbichi ungeivunja kwa vidole. Aliifukia katika vumbi la makaa ndani ya kopo, akaziba kifuniko kwa udongo, akaliweka motoni. Alipolitoa, lilikuwa jekundu.

"Mama wa batoto, usifungule mpaka ikuwe baridi," aliniambia, akaenda kutafuta mafuta ya kuinywesha.

Dereva alikuwa akipiga honi. Nilimfikiria yule mama aliyenifundisha kubeba mtoto wangu wa kwanza. Kopo lilikuwa bado la moto. Nikabandua udongo, nichungulie tu. Hewa ikaingia, na pete ikageuka nyeusi mbele ya macho yangu. Nikaziba tena kwa udongo mbichi.

Aliporudi, aliigonga kidogo. Ikamomonyoka.

"Nilikandamiza mubaya," alisema. "Ni mukono yangu."

Nikaviokota vipande. Alianza upya, tupa, kitambaa, jeki. Lori liliondoka kesho yake. Tulipofika Kpandroma, watu walikuwa wanachimba kaburi. Alikuwa amekufa alfajiri ile.

Tangu hapo, kila pete mume wangu aliikandamiza mara tatu, akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Naye tumemzika sasa. Sijui kama siku ile moja ingemwokoa mama yake. Ninajua kwamba mkono wake haukukosea, na miaka yote hiyo sikumwambia.