Mstari wa Mwisho wa Wasifu wa Yusta

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akifa kijijini kwao huko Kilolo, aliyeandika wasifu wa marehemu na kuusoma kaburini alikuwa Sedekia, mzee wa kanisa. Hata mwizi wa kuku alimpatia la kusifiwa: alikuwa mchangamfu. Na kila wasifu aliufunga vilevile: "Kazi ya Mungu haina makosa." Hapo waliolia walipangusa machozi, na wenye makoleo wakaanza kufukia.

Atuganile alipozika mwanawe aliyeungua, alimshika Sedekia mkono, akaanza, "Baba, siku ile mimi..." Sedekia akamkatiza kwa upole. Asijilaumu, siku ikifika imefika. Mama yule akanyamaza, na miaka sita ikapita.

Juni hii amekufa Yusta, mke wa Sedekia. Tumbo lilianza kumuuma Alhamisi, na lori la viazi lilikuwa linakuja Jumamosi. "Vumilia, mama Lea, tupakie kwanza," Sedekia alisema. "Mungu yupo." Yusta akavumilia, akashona magunia akiwa amejikunja. Jumapili, hospitalini, daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Sedekia akajibu, "Jana." Jibu hilo halimtoki kichwani mpaka leo.

Lea, binti yao, alitaka mchungaji asome wasifu. Sedekia akakataa katakata. Amewasomea wote, iweje ashindwe kumsomea mkewe?

Akasimama kwenye ukungu na daftari lake. Akasoma kuzaliwa, kipaimara, kwaya, ndoa, watoto wanne. Akafika mstari wa mwisho. Alikuwa ameuandika kwa mkono wake, lakini ulimi ulikataa.

"Yusta alisema Alhamisi kwamba anaumwa," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia tupakie viazi kwanza. Ningeweza kumpeleka. Sikumpeleka. Msimsingizie Mungu."

Watu wakatazamana. Kisha sauti moja ya nyuma ikaanza, na umati mzima ukaitikia: "Kazi ya Mungu haina makosa!" Wanaume wakashika makoleo. Walifanya hivyo kwa kumpenda, masikini, wakidhani wanamtua mzigo. Sedekia aliumia kuliko alivyoumia hospitalini. Yusta alikufa kwa uamuzi wa mumewe, na sasa hata hilo hakuna aliyetaka kulisikia.

Alipokuwa amejiinamia mkekani nyumbani, Atuganile akamletea uji.

"Kunywa kidogo, baba Lea."

Sedekia hakupokea kikombe. "Mama, siku ile ya mwanao ulitaka kuniambia kitu, nikakukatiza. Ulitaka kusema nini?"

Atuganile akatua kikombe chini.

"Nilimwacha na moto," akasema. "Nilikwenda kwa jirani kuomba chumvi, baba. Nikakaa, nikapiga soga."

Sedekia alijua la kumjibu, kalisema miaka yote. Akalimeza. Akasogea, akampisha mkekani, akamwacha amalize.