Kinywa ya Bibi Yangu

Bukari ya bibi yangu wa ndoa, ule ugali wetu, sasa miye njo naikata. Naikata tudogo-tudogo sawa ya kulisha kuku, naloweka mu supu, na yeye anaingiza kwa pembeni, juu kinywa yake inafunguka paka kiasi ya kidole kimoja.

Alianguka ku ngazi za kanisa na beseni ya maji ku mikono, kidevu ikagonga simenti. Damu haikukuwa mingi, njo maana tulisema itapona. Lakini meno hayakukutana tena. Munganga akatuonyesha ku foto kale kamufupa ka taya kenye kuingia karibu na sikio: kamekatika. Akasema njia iko mbili. Kupasula pale pembeni ya sikio, kutia kachuma na visi za kukikaza ku mufupa. Kinywa inarudia ku kazi mbio, lakini pale njo kunapita mushipa wenye kutembeza uso, na ukiguswa, jicho inaweza kukatala kufunga. Ao kufunga meno ya yulu na ya chini na waya, akunywe na shalumo, kale kamurija ka kufyonzea, kisha kufungula na kufanya mazoezi.

Miye nilitumika ku njia ya reli mupaka kustaafu, mupaka pansiyo. Baba yangu vilevile, na alikuwa mutu wa kucheka sana, lakini ile iko habari ingine. Reli ikivunjika, hatuifunge na waya. Tunatia eklisi, kile chuma chenye kushikanisha reli mbili, tunakaza bulo, treni inapita. Nikamuambia munganga apasule. Bibi yangu akaniangalia, mate inatoka.

"Baba, miye siko reli," akasema. "Uso iko yangu."

Yeye njo alikuwa anatosha nyimbo ku kilio mu kartie yetu, anaanzisha, bengine banaitika. Aliogopa kuimba mbele ya bantu na uso yenye kupinda. Basi, bakamufunga.

Waya ikatoka. Munganga akamupa tumiti twa kuweka kati ya meno, kila siku aongeze kamoja, hata inauma. Alianza muzuri. Kisha dada yake mukubwa akafa. Kwetu mwenye kilio anaikala chini, kitenge ku kinywa, na bantu banaya kumuangalia. Utaikala pale meno nje, miti mu kinywa? Batasema unamucheka marehemu. Akatia tumiti mu saki, mu mufuko yake. Dada akazikwa na nyimbo za bengine, na kilio ilipoisha, taya ilikuwa imekamata.

Munganga akasema sasa inabakia paka kupasula, na itakuwa nguvu kupita ile ya kwanza, mufupa imeshikana. Hakutukaripia. Heri angetukaripia. Bibi yangu akatingisha kichwa kukatala, tukarudia ku nyumba.

Jana tulienda ku kilio ya jirani. Banamuke bakaanza wimbo chini sana, ikabakatikia mu njia, bakageuka kumuangalia bibi yangu. Akatia mukono ku taya. Akavuma kidogo na pua, akaacha.

"Twende, baba," akaniambia. "Bukari itapoa."

Hatukukuwa tumepika bukari. Nikasimama, tukaenda.