Ripoti Iliyosomwa Kuanzia Nyuma

Miaka thelathini na mmoja mama huyu alitunza masjala ya wizara. Ukitaja faili, yeye alitaja kabati, rafu na mtu aliyeliazima mara ya mwisho. Wenzake wakambandika jina la Kabati, naye akalivaa kama nishani. Kisha ikaja kampuni ya kompyuta, ikaingiza mafaili yote kwenye mashine, na Kabati akakabidhiwa barua ya kustaafu pamoja na saa ya ukutani ambayo mpaka leo inachelewa dakika kumi.

Sasa binti yake, mchambuzi mdogo kuliko wote katika ofisi ya madalali wa hisa, alikuja nyumbani na ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo hiyo. Chama cha walimu wastaafu kilitaka kutia akiba yake yote kwenye hisa za kampuni hiyo. Faida ilikuwa imepanda miaka mitano mfululizo, bosi wake alikuwa ameshaanza kulamba midomo kwa ajili ya kamisheni, na kilichobaki ni binti kuandika "nunueni". Lakini moyo wake ulisita, na hakujua kwa nini.

Kabati akavaa miwani, akaigeuza ripoti, akaanza na ukurasa wa mwisho.

"Mama, mwanzo uko huku."

"Huko kuna picha za watu wanaocheka. Kwenye faili karatasi mpya hukaa juu, mwanangu. Ukitaka kujua mambo yalianzaje, nenda chini."

Huko nyuma, kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi, akakuta alichokitafuta: robo tatu ya mapato ilitoka serikalini, na mikataba mitatu mikubwa ilikuwa inaisha mwakani.

"Serikali si imetangaza itaajiri wataalamu wake wa kompyuta?"

"Imesema kwa awamu. Na hakuna mkataba uliovunjwa."

"Nyaraka za namna hiyo nimezipokea tangu hujazaliwa. Mkataba hauvunjwi. Unaachwa uishe, halafu hakuna anayepiga simu."

Binti akaweka kalamu chini. "Mama, usinikasirikie. Hii si kwa sababu walikutoa kazini?"

Swali lilimchoma. "Kinyongo ninacho, tena cha kutosha kugawia majirani," akasema. "Lakini hizi tarehe sikuziandika mimi. Na hili uandike pia: kazi yao safi. Faili nililolitafuta nusu saa, wao wanalitoa kabla hujakaa. Wakipata wateja nje ya serikali, walimu wanunue."

Binti aliandika yote mawili, neno "subirini" likiwa juu. Bosi alifoka, akasoma mara ya pili, akajikuna kichwa, akaupeleka uchambuzi kwa walimu bila kugusa nukta. Walimu wakasubiri. Mwaka uliofuata mikataba ile iliisha kimyakimya, bei ya hisa ikaporomoka, na akiba ya walimu ilikuwa mahali pake, nzima.

Siku bei ilipoporomoka, binti alimletea mama yake nakala ya uchambuzi ule. Kabati akaugeuza, kama kawaida. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari mmoja: "Umekaguliwa na mtunza masjala wa miaka thelathini na mmoja, mama yangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasoma tena. Fahari ilimjaa.

"Umeuweka nyuma," akasema.

"Nilijua utaanzia huko."