Nafasi Kati ya Pete Mbili

Mkutano wetu ulianza na hali ya hewa. Mwenyekiti, mama mwenye sauti iliyokwaruza kama ya mtu aliyetoka tu kuugua mafua, aliita vituo kimoja kimoja, na kila kituo kikajibu kwa neno moja au mawili: theluji, mvua, upepo. Kwa njia hiyo alijua kwamba sote tunasikika. Voi ndiyo iliyoitwa mwisho, na Voi ilikuwa mimi. Nilisema, "Jua," nikazima maikrofoni, na sikuwa na ruhusa ya kusema kingine hadi mkutano uishe. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu.

Waliokuwa wakizungumza walikuwa wanaunda chombo cha kwenda mbali, kuupita mwezi na kuendelea, chombo ambacho watu wataishi ndani yake kwa miezi mingi. Hakuna nchi iliyokiunda peke yake. Moja ilishughulikia injini, nyingine vyumba vya kuishi, nyingine mlango wa kuunganisha sehemu hizo. Nami nilipata nafasi humo kwa sababu redio ndogo niliyokuwa ripota wake hapa mjini Voi ilifungwa, na kampuni iliyoandaa mikutano ilitafuta mtu wa kuandika, anayeweza kufuata Kiingereza cha kila lafudhi na asiye wa upande wowote. Mtu wa Voi hana upande katika mambo hayo.

Nilifanyia kazi katika chumba cha kukodi nyuma ya duka la vipuri vya malori. Kamera zilizimwa ili laini zisikatike, kwa hiyo sikuwahi kumwona hata mmoja wao. Kulikuwa na siku ambazo mtu pekee niliyezungumza naye ana kwa ana alikuwa mwenye kibanda cha chapati, naye aliuliza tu kama ni mbili au tatu. Lakini nilijua ni nani kati ya watu wangu wa masikioni aliyelala vibaya, nani amegombana na mkubwa wake, na nani hunywa chai akidhani hatusikii.

Yule niliyemsikiliza kwa makini zaidi alikuwa mhandisi wa mlango. Alizungumza polepole, akiliweka kila neno mahali pake kabla ya kuchukua lingine. Nchi yake ilitengeneza pete ya chuma ya upande mmoja wa mlango; nchi ya vyumba ilitengeneza pete ya upande wa pili. Pete hizo zilikutana, na katikati yake ikakaa gasketi ya kuzuia hewa isipite, ndugu wa mbali wa zile zinazouzwa hapo mbele dukani kwa ajili ya injini za malori.

Walipozikutanisha kwa majaribio, hewa ilivuja. Kila upande ulipima upya, na kila upande ukajikuta uko ndani ya vipimo vya mchoro. Kwa mkutano mzima walilaumiana kwa adabu. Niliandika "ilipendekezwa" na "ilitazamiwa" hadi nikachoka. Ndipo mhandisi wa mlango akaomba nafasi. Alisema pete yake ilikuwa sahihi, ila aliichonga ikakaribia kipimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa, ili wenzake wasibanwe. Hakutaka wafike kwake na pete yao wakute hakuna nafasi.

Kisha mhandisi wa ile pete nyingine, mwanamke ambaye kwa kawaida hakuwa na haya, akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alifanya vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alichelewa, nasi tukawa tunasubiri. Sijui ni nini kilinisukuma kuwasha maikrofoni. Niliwaeleza kwamba mama yangu anaishi Chawia, kule milimani, na shamba lake limepakana na la mama mwingine wa kanisa lake. Siku ya kulima, mama huacha hatua moja upande wake ili asije akaambiwa amevuka mpaka. Jirani naye huacha hatua yake. Sasa katikati pana ukanda wa magugu ambao hakuna anayethubutu kuugusa, na mbuzi wa watu ndio wanaofaidi. Mhandisi wa mlango alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo, kila tuliposubiri, aliniuliza kama mpaka wa mama umepona.

Halafu nchi yake ikajitoa kwenye ushirikiano. Nilisoma habari hizo kwenye simu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya chapati, kabla wao hawajaambiwa rasmi. Jioni mwenyekiti alisoma aya moja, bila kuongeza lake. Kituo cha mlango kitakabidhi michoro na pete, kitahudhuria mkutano mmoja zaidi, na baada ya hapo mawasiliano ya aina yoyote hayataruhusiwa. Ya aina yoyote. Nilikuwa na sauti tu ya mhandisi huyo, na sikuwa na mahali pengine pa kuipata.

Nilimpigia mama nikamweleza.

"Huyo mtu wa pete anaenda wapi?" akauliza.

"Haendi popote, mama. Nchi yake ndiyo inaondoka."

"Nchi inaondokaje?" Nilisikia akikoroga sufuria. "Basi msalimie. Mtu haachwi aende hivi hivi bila salamu, hata kama humjui sura."

Nilimkumbusha kwamba naruhusiwa neno moja tu. Akasema salamu si nyingi.

Siku ya mwisho vituo viliitwa kama kawaida. Kituo cha mlango kilikuja kabla ya changu, kama siku zote. "Mawingu," alisema. Kisha nikaitwa.

"Jua," nikasema. "Lakini Chawia kuna ukungu, na mama anamsalimu mtu wa mlango."

Mtu mmoja aliguna. Mwenyekiti hakunikemea.

"Asante," alisema mhandisi. "Mwambie apande kitu hapo katikati."

Baada ya hapo alieleza kwa muda mrefu jinsi ya kuipasha gasketi joto kabla ya kuikaza, na nani wa kuulizwa ikianza kuchanika, ingawa aliyefaa kuulizwa alikuwa yeye. Niliandika kila neno. Alipomaliza alishukuru, na laini yake ikakatika kwa mlio mdogo, ule ule wa kila wiki.

Mama nilimfikishia ujumbe. "Nipande kwenye shamba la nani?" akasema. "Pale si pangu."

Mkutano uliofuata, niliagizwa kufuta kituo cha mlango kwenye orodha, nami nikakifuta. Mwenyekiti alianza kuita. Theluji. Upepo. Mvua kidogo. Alipofika pale ambapo kituo cha mlango kingeitwa, alinyamaza, kwa muda ambao mtu huhitaji kusema "mawingu".

"Voi," akasema.

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia dukani, likipiga king'ora. Nami pia nikangoja kidogo kabla ya kujibu.

"Jua," nikasema.